Nani Atakuwa Pagazi? Maneno kwa vijana wa Lweba

 

Mnanijua. Niko na lisansi ya uhusiano wa kimataifa, na kazi hakuna. Ndiyo maana mwezi uliopita niliwaletea ule mchezo. Wanafunzi wa nchi nyingi wanaucheza: wanaiga Umoja wa Mataifa, kila mmoja anapewa nchi, anaitetea, mwishoni wanapiga kura. Kuna na kamati za historia. Ile niliyokuta kwenye intaneti ilikuwa ya Barabara ya Hariri. Huyu anakuwa mfanyabiashara wa Samarkand, yule wa China, wanabishana bei ya hariri na farasi. Tukaanza hivyo. Nusu saa haijaisha, mdogo mmoja akaniuliza: “Yaya, hii Samarkand iko wapi? Juu mimi najua tu Ujiji.”

Watu wakacheka. Lakini alisema kweli, juu barabara yetu wenyewe iko. Ilitoka Bagamoyo kwenye pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Halafu ikavuka ziwa hili letu kwa mitumbwi, ikaingia Manyema mpaka Kasongo na Nyangwe. Vilikuja vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya, bunduki. Zilirudi pembe za ndovu, na watu. Burton na Speke walipita upande huu wa ziwa mwaka 1858 wakienda Uvira. Hata Kiswahili, kule Manyema kilifika kwa barabara hiyo hiyo.

Tukaacha Samarkand. Tukachagua mwaka 1871, juu mwaka ule njia iliziba. Mirambo, mtemi wa Urambo, aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, akafunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, ilibidi azungukie kusini. Basi kazi ya mchezo ikawa hii: wafanyabiashara na watemi wakae pamoja, wakubaliane hongo ni kiasi gani, nani anaipokea, na anayelipa anapata nini.

Sikilizeni vizuri hilo neno. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru. Unampa mwenye nchi vitambaa, anakuacha upite kwake. Leo, ng'ambo kule Kigoma, ukisema hongo unasema rushwa. Neno ni lile lile. Ninyi mnaopita bariyeri kila wiki kwenda sokoni, ninyi ndio mnaweza kunieleza lilibadilika namna gani.

Sasa, kugawa nafasi. Kila mtu alitaka kuwa mtemi, ao Tippu Tip. Watatu walitaka kuwa Mirambo! Pagazi, hakuna hata mmoja. Ndugu mmoja, simtaji, yuko hapa anacheka, akasema: “Mimi niko na diploma, nibebe mzigo hata kwenye mchezo?” Tulicheka wote, na mimi. Halafu nikanyamaza. Juu wiki ile ile mimi nilikuwa nimebeba magunia ya mihogo kwenye mitumbwi, ili nipate pesa ya intaneti ya kupakua ule mchezo wa Samarkand.

Tukapiga kura ya vikaratasi. Sita wakaangukia upagazi, na tukaweka sheria: kila mara msafara unaposogea kituo kimoja, pagazi anazunguka uwanja na gunia la mchanga. Pagazi wa zamani alibeba karibu kilo 30, mbali na vitu vyake mwenyewe. Sisi tuliweka nusu, na bado watu walitokwa na jasho.

Zamu ya tatu, wakubwa wako katikati ya mazungumzo matamu, dada mmoja akatua gunia lake pale pale mbele ya meza. Akasema hawaendi mbele mpaka posho ijulikane. Wafanyabiashara wakapiga kelele: hiyo haiko kwenye kanuni! Nikatazama karatasi. Kweli haikuwemo, na aliyeandika kanuni ni mimi. Lakini katika historia imo. Wapagazi waligoma, walikimbia, walidai posho na nguo, na tajiri bila wapagazi alibaki amekaa juu ya mali yake. Mapatano ya hongo tuliyotumia saa nzima kuyajenga yalikufa ndani ya dakika kumi. Hata Mirambo alitoka kwenye kiti chake akaenda kumbembeleza yule dada.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini nimechoka kusoma kwenye simu kwamba wamesaini amani yetu katika hoteli fulani. Mzigo wa barabara hii tunaujua sisi, lakini hakuna aliyetuuliza posho.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi. Mama mmoja muuza vitumbura alikuwa amekaa pembeni. Akasikia mfanyabiashara wetu anasoma daftari yake: “Pembe kumi, watu ishirini.” Akauliza: “Mwanangu, na hao watu ishirini, nani anawaigiza?”

Kimya. Kuna waliosema tuwaondoe kabisa, huu ni mchezo tu. Mimi nasema hapana. Tarehe 15 Julai ya mwaka huo huo 1871, watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki ndani ya soko la Nyangwe, wakaua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Livingstone alikuwepo, akaliandika. Ukiondoa watu ishirini kwenye daftari, unabaki na wafanyabiashara wazuri wa shanga, na huo ni uongo. Lakini kumfunga kijana wa Lweba kamba shingoni ili tucheze, hapana pia. Tulibishana mpaka giza. Kwa kura mbili tu tulipitisha hivi: mateka haigizwi, wala hauzwi mezani. Ila kila mfanyabiashara, kabla ya kutaja bei ya pembe yake, anasimama na kueleza aliipata wapi, kwa bunduki ya nani, na nani aliibeba. Walioshindwa bado hawajaridhika, na wako na sababu zao. Wazilete tena.

Jumamosi tunaendelea, saa tatu asubuhi. Nafasi za watemi zimejaa. Za pagazi ziko sita, na safari hii moja nimejiandikisha mimi. Mwenye magunia matupu nyumbani ayalete, mchanga tutachota kwenye ziwa.