Kuanzisha Kundi Dogo la Ng'ombe wa Nyama Nyumbani

(Mazungumzo ya mwanachama kwenye mkutano wa mwaka wa wanaumoja waishio Dar es Salaam)



Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananijua, amesema ishirini akitegemea arobaini. Nimeitwa kwa sababu mwaka huu wengi wenu mmekuwa mkiuliza namna ya kununua ng'ombe wachache wa nyama na kuwaweka nyumbani, Mpwapwa na Kongwa. Na michango ya leo, kama mlivyosoma kwenye kadi, ni ya kukarabati josho. Mimi nayaona mambo haya mawili kuwa jambo moja, na nitawaeleza kwa kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2013, nikiwa bado kazini hapa mjini, nilinunua dume la Boran. Nilimwona kwenye ranchi moja, kifua kipana, mgongo umenyooka, nundu imesimama. Nikalipa, nikampakia kwenye lori hadi kwa kaka yangu, ambako nilikuwa na majike saba wa kienyeji. Nilijiona nimemaliza kazi. Wiki ya tatu kaka akapiga simu: dume hali, tezi chini ya masikio zimevimba, anahema kwa shida. Nikatuma pesa ya dawa. Ilipofika alikuwa anatoa povu puani, na kesho yake akafa. Ilikuwa ndigana kali.

Kilichonisumbua ni wale majike saba. Walilala naye zizi moja, wakachunga naye, wakaumwa na kupe walewale, na hakuna aliyeugua. Bwana mifugo ndiye aliyenifafanulia. Majike walizaliwa palepale, walikutana na kupe wakiwa ndama, wengine wao walikufa utotoni, na waliobaki miili yao ilikwisha kuujua ugonjwa. Dume alikulia mahali ambapo ng'ombe wanaogeshwa kila wiki. Hakuwahi kukutana na ndigana hata siku moja, na mimi nikampeleka kwenye kijiji ambacho josho lake lilikuwa kavu, watoto wanachezea mpira ndani yake.

Kwa hiyo anayetaka kununua ng'ombe asianzie mnadani. Aanzie nyumbani, aangalie watakula nini, watakunywa wapi na wataogeshwa wapi.

Tupige hesabu. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 hivi anahitaji kama kilo sita za nyasi kavu kwa siku. Mvua kwetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Hesabu miezi sita ambayo malisho si ya kutegemea: siku 180, ng'ombe kumi, kilo sita kila mmoja. Unapata kilo 10,800. Robota la hei la kilo 15, ni marobota 720. Simwambii mtu anunue yote hayo, maana kuna mabua ya mtama na mahindi, maganda ya karanga, na vichaka ambavyo ng'ombe wetu wanajua kuvitafuta. Lakini ukiona huwezi kueleza theluthi ya hizo kilo itatoka wapi, basi usinunue kumi. Nunua wanne. Maji nayo: mwezi wa Oktoba ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, na kama lambo liko kilomita nane, nyama yote anaiacha njiani.

Sisi tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta kulima karanga bila kuiuliza ardhi wala mvua, na kufika 1951 mpango ulikuwa umekwisha. Sehemu ya ardhi ile ndiyo baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe.

Sasa, ng'ombe gani? Vijana wananionyesha picha kwenye simu za ng'ombe wa kilo mia saba. Wazuri, lakini wa huko waliko. Ushauri wangu ni majike wa kienyeji waliozaliwa kwetu au wilaya inayofanana na kwetu kwa kupe na ukame. Ukubwa utautafuta kupitia dume, baadaye, josho likishafanya kazi. Boran ni damu nzuri ya nyama na anavumilia jua. Na tusisahau ng'ombe wenye jina letu, ng'ombe wa Mpwapwa, waliotengenezwa kwenye kituo chetu cha utafiti kwa kuchanganya zebu wa hapa, Boran, na Sindhi na Sahiwal kutoka bara Hindi. Wanatoa nyama na maziwa, na wamebaki wachache. Mwenye nafasi ya kupata dume lao asiiache.

Pa kununulia. Mnada ni mzuri kwa madume na maksai wa kunenepesha. Kwa majike wa kuzalisha, nauogopa. Mfugaji hampeleki mnadani jike wake mzuri bila sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba hashiki mimba, au anatupa mimba, au chuchu mbili zimekufa. Hutaambiwa. Ni afadhali uende kwenye zizi la mtu unayemfahamu, jioni ng'ombe wanaporudi, ukae na mzee, unywe chai, uulize huyu ni mtoto wa nani, mama yake amezaa mara ngapi. Mzee akianza kukwepa swali, usimlazimishe. Angalia mwingine.

Meno yaangaliwe kila mara. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana manane chini. Yale mawili ya katikati akiyabadilisha ana miaka miwili na kitu. Akijaza manane ana kati ya minne na mitano. Yakiwa yamelika na kuachana, huyo ni bibi, hata dalali akikuapia. Mimi napenda mtamba wa meno mawili au manne, au jike aliyezaa mara moja na ndama wake yuko ubavuni, kwa sababu ndama ni ushahidi ambao hauwezi kubishaniwa. Mtazame akitembea kutoka nyuma: nyonga pana, miguu haigongani. Kiwele kiwe laini, chuchu nne zote zinatoa. Manyoya yanayong'aa na macho makavu ni dalili njema. Anayekohoa muache hata akiuzwa bei ya mbuzi, kwa sababu homa ya mapafu inaweza kuingia kwenye zizi zima kupitia mmoja anayeonekana amepona. Na tumbo kubwa lisikudanganye, wako wanaowapa ng'ombe chumvi na maji mengi asubuhi ya mnada. Mlipe bwana mifugo apime mimba kwa mkono na achukue damu ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na jike mmoja.

Wakati wa kununua ni jambo ambalo watu wa mjini tunaliwa sana. Bei hushuka Oktoba na Novemba, ng'ombe wamekonda na watu wanahitaji chakula. Ukinunua wakati huo bila akiba ya nyasi umenunua ngozi. Mwenye akiba ya hei na mashudu ya alizeti, huyo anunue. Asiye na akiba asubiri majani yaote, alipe zaidi kidogo, alale usingizi.

Wakifika nyumbani watengwe na wengine wiki tatu au nne. Wapewe dawa ya minyoo, waogeshwe, na wachanjwe kadiri bwana mifugo atakavyosema. Chanjo ya ndigana kali ipo, ningeifahamu mapema dume wangu labda angekuwa hai. Makaratasi nayo yasiachwe: kibali cha kusafirisha, na utambulisho wa mnyama kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010. Ng'ombe asiye na alama yako, siku ya ugomvi ni wa yeyote.

Mtu aliniuliza hapo mlangoni kama pesa ya ng'ombe inaweza kulipa ada ya Januari. Haiwezi. Mtamba akipandwa leo, anabeba miezi tisa na siku kidogo, ndama dume wa kienyeji anahitaji miaka mitatu au zaidi afike sokoni. Hiyo ni miaka minne. Mimi niliziba pengo hilo kwa kuwa na majike wanne na madume watatu wa kunenepesha miezi mitatu hadi minne kwa pumba na mashudu. Hao watatu ndio waliomlipa mchungaji. Mlipeni mchungaji, tafadhali, na mlipeni kwa tarehe. Mtoto wa ndugu anayechunga bure atachunga hivyohivyo.

Dume msinunue kila mtu wake. Mmoja anatosha majike 20 hadi 25. Familia tano tunaweza kuwa naye mmoja, na kumbadilisha kila baada ya miaka mitatu, asije akawapanda binti zake. Lakini wote tunaochangia dume tupeleke ng'ombe josho moja, kila wiki wakati wa mvua na kila wiki mbili kiangazi.

Mwaka huu nataka kununua dume mwingine. Nimeshamwona, na mwenye naye amekubali kunisubiri. Nimemwambia sitamchukua mpaka josho lijae dawa. Karatasi za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, na ya kwangu nimeshaijaza.