Kuacha Kazi kwa Muda na Kwenda Kutembea Ulimwengu: Nani Tunamwachia Amana?

(Mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Maghribi na Isha)

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, mwezi uliopita alitujia kijana wa jamaa yetu hii hii. Ni mhasibu, amefanya kazi miaka saba mfululizo, hana mke bado, lakini mama yake yu hai na wadogo zake wawili wanasoma kwa mshahara wake. Akatuambia: "Ustadhi, nataka kuomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja. Nitafunga begi langu na nitoke peke yangu, nipite nchi baada ya nchi, niione dunia ya Mwenyezi Mungu. Wazee wameniambia huo ni uzururaji na kuiga Wazungu. Je, ni kweli?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba muda, kwa sababu swali lake lilitugusa mahali penye kidonda. Usiku huu tunamjibu yeye, na tunajijibu sisi wenyewe pia.

Kwanza tuwaambie wazee wetu, kwa heshima na adabu, kwamba kusafiri si jambo la kuazima. Katika Qur'an tukufu, zaidi ya mara moja, Mola wetu ametuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame: vipi uumbaji ulivyoanza, na upi ulikuwa mwisho wa waliokadhibisha. Mwishoni mwa Surat Al-Muzzammil amewataja wanaosafiri kutafuta fadhila zake, akawahafifishia ibada ya usiku kwa ajili ya safari yao. Na Swahaba Jabir bin Abdillah (R.A.) alinunua ngamia, akasafiri mwezi mzima mpaka Sham ili asikie hadithi moja tu kutoka kwa Abdullah bin Unays (R.A.). Walichokikemea wanachuoni ni kuzurura bila ya lengo, mtu akadhani kule kutangatanga kwenyewe ni ibada.

Kwa hiyo suala si kusafiri au kutosafiri. Suala ni nia gani tunatoka nayo, na amana gani tunaiacha nyuma. Tutazame watu watatu waliotutangulia.

Wa kwanza ni Ibn Jubayr. Huyu alikuwa katibu wa mtawala wa Granada katika Andalusia, kazi ya heshima na mshahara mzuri. Mwaka 1183, akiwa na umri wa miaka 37, aliiweka kalamu chini akaenda Hijja. Hakutoka peke yake, bali alifuatana na rafiki yake tabibu. Alipanda merikebu ya Wagenoa mpaka Iskandaria, akapanda na mto Nile, akavuka bahari kutoka Aydhab hadi Jidda, akahiji, kisha akapita Baghdad, Mosul, Halab na Damascus. Wakati wa kurudi chombo chake kilivunjika karibu na Messina katika kisiwa cha Sicily, na Mola akamnusuru. Aliwasili Granada mwaka 1185.

Faida aliyorudi nayo ni macho ya uadilifu. Iskandaria aliwalaumu maofisa wa forodha waliowapekua mahujaji na kuwatoza zaka bila hata kuuliza kama mali imetimiza mwaka. Mji ule ule akausifu kwa madrasa, malazi na hospitali zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Karibu na Akka, iliyokuwa mikononi mwa Wafaranja, aliona kwa uchungu kwamba wakulima Waislamu walitendewa kwa uadilifu na mabwana zao makafiri kuliko ndugu zao walivyotendewa na watawala Waislamu, na hakulificha hilo. Msafiri mkweli hurudi na habari zinazomuuma yeye mwenyewe. Anayerudi na picha za kujionyesha tu hajasafiri, amehamisha mwili.

Wa pili ni Imam Abu Hamid Al-Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad, na mamia ya wanafunzi wakimzunguka. Aliona kwamba nia yake katika kusomesha imeingiwa na kupenda jaha, mpaka ulimi wake ukafunga asiweze kutoa darsa. Wanachuoni wana maneno juu ya baadhi ya vitabu vyake, na hapa si mahali pake. Sisi tunatazama jinsi alivyotoka. Aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na kuwalisha watoto wake. Nafasi yake ya kusomesha akaishika ndugu yake Ahmad. Ndipo akaenda Sham, Baytul Maqdis, Al-Khalil, Makka na Madina. Wito wa watoto wake ulimrudisha nyumbani, na mwaka 1106 alirudi darasani, safari hii Nishapur. Tazameni: nafsi ilikuwa taabani, lakini watoto walikuwa na chakula na wanafunzi walikuwa na mwalimu.

Wa tatu ni Ibn Battuta, ambaye sisi watu wa pwani tuna haki naye, kwani mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akawasifu watu wa Mombasa na Kilwa kwa dini yao. Alitoka Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, akiwaacha wazazi wote wawili hai. Nia ilikuwa Hijja, lakini safari ilizaa safari kwa miaka 24. Mwaka 1348 alipopita tena Damascus, aliuliza habari za mtoto aliyemwacha tumboni mwa mama yake katika mji ule. Akaambiwa alikwisha fariki miaka 12 nyuma. Hapo hapo akapata habari kwamba baba yake naye alifariki miaka 15 iliyopita. Akashika njia ya kwao, na kabla hajafika akasikia kwamba mama yake amechukuliwa na tauni. Ulimwengu umepata kitabu kikubwa kutokana na safari ile. Lakini wako watu watatu ambao hakuwepo kuwazika.

Ndugu Waislamu, mifano hii tungeweza kuisoma tukaishia hapo. Lakini tulisema lipo donda.

Mwaka 2018, tukiwa katika mwaka wa tano wa kusomesha madrasa, tulichoka. Tukaiomba kamati ruhusa ya miezi mitatu, tukaondoka kwa basi: Nairobi, Moyale, Addis Ababa, mpaka mpaka wa Metemma, tukaingia Sudan, nchi tuliyosoma. Ilikuwa Ramadhani. Katika njia ya Jazira, karibu na magharibi, wanakijiji walinyoosha vilemba vyao kukata barabara, wakalisimamisha basi letu, si kwa uporaji bali kwa kufuturisha. Hakuna aliyetuuliza kabila wala pasipoti. Tulikula mikekani pamoja nao, na walituaga kana kwamba sisi ndio tuliowatendea wema. Miaka michache baadaye vita vilizuka katika nchi ile, Aprili 2023, na Desemba ya mwaka huo vikaufikia mji wa Wad Madani katika Jazira hiyo hiyo. Kila tunaposikia habari za wakimbizi tunajiuliza: wale waliotufuturisha, wao walifuturu wapi? Safari ilitufunza kuwa mgeni wa leo ni mwenyeji wa kesho, na kinyume chake. Hilo hatulijutii.

Tunachojutia ni hiki. Kutoka Khartoum tuliendelea Wadi Halfa, tukavuka hadi Aswan, tukafika Cairo, na kila mji ulitwambia subiri kidogo. Miezi mitatu ikawa saba. Hatukuacha naibu. Tulidhani wanafunzi wakubwa watawasomesha wadogo, na kamati itajua la kufanya. Tuliacha watoto 43, tukakuta 19. Miongoni mwa waliotawanyika ni kijana aliyekuwa amehifadhi juzuu 11. Alipokosa wa kumsikiliza, mjomba wake alimchukua dagoni kuvua. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba Qur'an humponyoka mtu upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba. Tulimfuata, tukamsihi. Akatwambia kwa adabu kwamba nyingi zimekwisha mtoka, na anaona haya kuanza upya na watoto wadogo. Mpaka leo hutuamkia njiani, hutubusu mkono, nasi hatuwezi kumtazama usoni.

Basi, ewe kijana wetu, jibu letu ni hili: safari yako ni halali, na ina kheri ndani yake, kwa masharti.

Kwanza, simamisha nia. Hadithi mashuhuri ya nia imezungumzia safari ya Hijra yenyewe, kwamba kila mtu hupata kile alichokusudia. Andika unachokitafuta: elimu, Hijja au Umra, kuunga udugu, ufundi, au kuipumzisha nafsi iliyochoka, kwani nafsi nayo ina haki.

Pili, tazama unaowalisha. Mtume (S.A.W.) amebainisha kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale walio chini ya matunzo yake. Masurufu ya mama na ada za wadogo zako za mwaka mzima ziwekwe kabla hujanunua tiketi. Kama una deni, lipa au pata idhini ya mwenye haki. Na radhi ya mama itangulie pasipoti. Aliyekuja kutaka ruhusa ya jihadi aliulizwa kwanza kama wazazi wake wako hai. Seuze matembezi?

Tatu, agana na kazi yako kwa uaminifu. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kinachozidi ni makubaliano. Basi yaandikwe: lini unaondoka, lini unarudi, nani anashika nafasi yako. Mfundishe huyo naibu kabla hujaondoka. Usijisingizie ugonjwa ili upate ruhusa, maana safari iliyoanza kwa uongo haina baraka.

Nne, usiwe peke yako. Mtume (S.A.W.) amechukiza mtu kusafiri peke yake, hasa usiku, na amewaamrisha watu watatu wachague kiongozi. Tafuta mwenza. Ukimkosa, kila mji anzia msikitini, waachie jamaa zako orodha ya njia yako na uwajulishe ulipo. Dada zetu wana hukumu zao kuhusu mahram, na zitapata mhadhara wake inshaallah.

Tano, weka siku ya kurudi, na urudi. Mtume (S.A.W.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, basi akimaliza haja yake afanye haraka kwa ahli zake.

Nanyi wazee wetu, kijana akitimiza haya msimwite mzururaji. Mumwombee dua, mumuage, na mumwangalilie mama yake. Na katika jamaa hii, mwalimu akiomba mapumziko, tusimwambie nenda tu. Tumuulize: darasa lako unamwachia nani? Laiti sisi tungeulizwa swali hilo mwaka 2018, na laiti tungelijiuliza wenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, awarudishe kwa amani waliotawanywa na vita, atusamehe amana tulizozipoteza, na amrudishie kijana wetu Qur'an yake kifuani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.