Mchoraji wa Wanyamapori na Mkulima wa Mpakani
(Mada kwa semina ya walimu na maofisa maliasili, Bariadi)



Maana ya uhifadhi na faida za utalii nyote mnazijua, basi nazipita. Nimeagizwa nieleze maisha ya David Shepherd, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa 1931, ambaye alifika Kenya 1949 akitaraji kuwa Bwana Nyama, akakataliwa, akatumika hotelini Malindi na kuuza picha za ndege ili apate nauli ya kurudi kwao. Mwaka 1960, alipokuja tena kwa mwaliko wa jeshi la anga la Uingereza, alikuta huku Tanganyika pundamilia 255 wamekufa kando ya maji yaliyotiwa sumu, na tangu hapo akaielekeza brashi yake katika uhifadhi. Picha yake ya 1973, Tiger Fire, iliwapatia chui milia wa India zaidi ya pauni 127,000, taasisi yake aliianzisha 1984, alifariki 2017. Mchoraji wetu Tingatinga naye alichora wanyama, na sanaa yake imelisha jamaa wengi Dar es Salaam, ila sijasikia mnyama aliyefaidika, wala si kosa lake marehemu.

Sasa niingie katika jambo lililonishughulisha miaka mingi. Mahindi yakikaribia kukomaa, tembo hutoka Serengeti na Pori la Akiba la Maswa baada ya magharibi, wakaingia mashamba ya Bariadi, Itilima na Meatu, ilhali mwenye shamba yuko juu ya dungu na tochi yake na debe la kupiga. Asubuhi humwendea mtendaji wa kijiji, bwana shamba huja akapima mabua yaliyolala, fomu hupanda wilayani hata wizarani, nayo aghalabu hupanda upesi kuliko fedha zinavyoshuka. Kanuni za 2011 ziliweka wakati huo kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa jamaa ya aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho kwa mazao, isipokuwa shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka wa hifadhi, yaani lile linaloliwa kwanza. Siilaumu Serikali, maana mimi ni mtumishi wake. Nasema tu kwamba jasho hukauka kabla ya kufutwa. Mtoto wa mpakani ukimwambia achore tembo, humchora ndani ya mahindi.

Kwa hiyo, kwa mfano wa Shepherd, napendekeza walimu wafundishe uchoraji wa wanyama. Picha hizo ziuzwe kwa wageni wa Serengeti. Mapato yanunue tochi na pilipili za kufukuzia tembo. Sharti la mita 500 litazamwe upya. Fomu zipewe muda maalumu wa kujibiwa. Na, narudia, mapato ya picha yafike dunguni, yasiishie katika posho za semina.

Mwisho naomba fomu za msimu uliopita zilizolala ofisini zijibiwe kabla ya kuidhinishwa semina nyingine kama hii.