Nitakubaliwa Chuo Hicho? Piga Hesabu Kwanza

(Mazungumzo na vijana waliomaliza kidato cha nne, baada ya tarawehe)



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, kuna mdogo wangu wa mtaani atakayenisimamisha njiani: "Kaka, nimepata A-. Nataka kusoma uhusiano wa kimataifa Marekani, niwe balozi. Nitachukuliwa?" Mimi si mtaalamu. Ni mwanafunzi niliyejaribu nikaanguka, na sitaki wewe uanguke palepale.

Niliomba vyuo sita, vyote vya majina makubwa. Mamangu aliuza bangili zake mbili za dhahabu nipate kulipia mtihani wa SAT na ada za maombi. Majibu yakaja, moja baada ya jingine, yote ya kusikitika kwamba hawana nafasi. Sote twaijua habari ya ngamia na kamba. Mimi ngamia nilimwacha wazi, kisha nikajiambia nina tawakkul.

Basi ndugu msomaji, kabla hujatoa senti, piga hesabu tatu.

Hesabu ya kwanza ni ya idadi. Harvard na Princeton huchukua watu wasiofika 5 katika kila 100 wanaoomba. Georgetown ya Washington, ambayo skuli yake ya mambo ya nje ilianzishwa mwaka 1919, huchukua kama 12 hivi. Usiseme, "Basi mimi nina 12 kwa 100." Hiyo ni hesabu ya watu wote kwa pamoja: Mmarekani, mwanamichezo, mtoto wa mzee aliyesoma hapo zamani, na yule mwenye kulipa karo yote. Foleni yako wewe ni nyingine.

Vyuo vingi vya huko hutoa karatasi ya takwimu kila mwaka, inaitwa Common Data Set. Itafute, ni bure. Sehemu ya C7 yaonyesha chuo chatazama nini zaidi: alama, insha, barua za walimu na kadhalika. C9 yaonyesha alama za SAT za walioingia. Ukiwa chini ya ile alama ya robo ya chini, chuo hicho kwako ni cha ndoto, hata uwe wa kwanza skulini kwenu. Na angalia kama mtihani ni lazima. Vyuo vingi viliulegeza wakati wa korona, lakini vingine vimeurudisha. Harvard ilitangaza kuurudisha mwaka 2024.

Hesabu ya pili ni ya pesa, na hapa ndipo wengi wetu twakwama. Vyuo viko vya namna tatu. Kuna vichache visivyotazama uwezo wako vinapokuchagua, kisha hukujazia kile usichoweza kulipa, hata ukiwa mgeni: Harvard, Yale, Princeton, Amherst, na Dartmouth tangu 2022. Kuna vya namna ya Tufts, ambavyo mgeni akiomba msaada, hilo hutiwa kwenye mizani ya kumchagua, lakini wakikuchukua wanakujazia. Na kuna ambavyo msaada kwa wageni ni haba. Georgetown ni mmojawapo. Huko waweza kukubaliwa na usiende. Karatasi ile ile, sehemu ya H6, itakwambia wageni wangapi walisaidiwa na kwa kiasi gani. Mimi sikuifungua hata mara moja.

Hesabu ya tatu ni ya nafsi, muhasaba. Kwenye fomu niliandika najua Kiarabu "kwa ufasaha". Si nimesoma madrasa miaka tisa? Basi chuo kimoja kikapanga nihojiwe na mtu aliyesoma kwao. Akanisalimu, kisha akaniuliza kwa Kiarabu mtaa wetu ukoje. Nilijua kusoma, nilijua irabu, nilijua dua. Kuueleza mtaa wetu sikuweza. Nikanyamaza. Yule bwana hakunicheka, alirudi kwenye Kiingereza taratibu. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kumbe kweli yangu ingetosha. Skuli ya Georgetown yataka kila mwanafunzi wake afikie umahiri katika lugha ya kigeni kabla ya kumaliza. Ningesema, "Nasoma Kiarabu bila taabu, kukizungumza bado, nataka kujifunza," ningekuwa nimesema jambo lenye maana. Insha nayo ni hivyo hivyo. Usijifanye mwokozi wa Afrika. Andika kile ulichokifanya kwa mikono yako.

Sasa ufanye nini? Chagua vyuo viwili vya ndoto, vitatu vya wastani, na viwili vya uhakika. Cha uhakika ni kile ambacho alama zako zapita na karo yake yalipika. Vyote viwili, si kimoja. Kimojawapo kiwe hapa nyumbani, ujaze KUCCPS kwa makini, si kwa kutimiza wajibu tu. Tazama na Doha: Georgetown wana tawi huko tangu 2005, watoa shahada ile ile ya mambo ya nje, ila soma masharti ya mkopo kabla hujatia sahihi. Omba kusamehewa ada ya maombi. Vyuo vingi hukubali, na hapo bangili ya mtu hubaki mkononi. Na akija wakala kukuhakikishia nafasi Harvard kwa malipo, mpe salamu uende zako.

Mimi leo niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya, nasoma uhusiano wa kimataifa huo huo. Kiarabu nimekianza upya, cha kuzungumza. Bangili za mamangu sijazirudisha bado. Hajanidai. Lakini kila nikila futari kwake naitazama ile mikono.

Mola awafungulieni milango ya kheri. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.