Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi, Pugu: Namba ya Kitambulisho si Ufunguo



Nitasema machache juu ya jambo linalogusa mfuko wa kila mmoja wetu, nalo ni namna huduma za mtandao zinavyomtambua mteja.

Zamani karani alimtazama mtu usoni, akalinganisha saini, ndipo akatoa fedha. Leo muuzaji wa ng'ombe katika mnada wa hapa Pugu aweza kulipwa kwa simu, na mtambo haumwoni. Kwa hiyo humwuliza maswali mawili: wewe ni nani, na una ushahidi gani?

Namba ya simu na Namba ya Utambulisho wa Taifa hujibu swali la kwanza tu. Namba hiyo ya Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Tumeiandika katika fomu nyingi, hivyo haiwezi kuwa siri. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza tarehe 1 Mei 2019, haukubadili jambo hilo.

Swali la pili hujibiwa na namba ya siri. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu. Ndiyo maana mtambo hufunga akaunti baada ya kukosea mara chache. Namba ya kutumika mara moja, iletwayo kwa ujumbe mfupi, huthibitisha kuwa simu iko mkononi mwako. Ukimsomea mtu namba hizo, mtambo utamhesabu yeye kuwa ndiye wewe, kwani hauna macho ya kuwatofautisha.

Watumishi wenzangu, nywila ya mfumo wa ofisi si kalamu ya kuazimana. Litakalofanywa kwa nywila yako litaandikwa kwa jina lako.

Kwa hiyo wananchi wote wanakumbushwa yafuatayo:

1. Usimtajie mtu yeyote namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa mhudumu.
2. Ukipigiwa na usiyemjua, kata simu, kisha upige mwenyewe namba iliyotangazwa rasmi.
3. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.
4. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040.

Huduma ina haki ya kukuuliza wewe ni nani. Nawe unayo haki hiyo hiyo juu ya yeyote anayekuuliza.