Kiingereza cha Mdomoni
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Arusha)



Katibu aliniandikia niseme machache juu ya darasa langu la jioni pale Kaloleni, akaongeza kwa kalamu nyekundu kwamba nisizidi dakika kumi. Wanaonikumbuka katika midahalo watamtuliza Katibu. Sikuwahi kufikisha hata dakika mbili, maana Kiingereza kilikuwa kikiniishia njiani.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1975 tulitoka shule za msingi ambako hesabu, jiografia na sayansi vyote vilifundishwa kwa Kiswahili. Wiki ya kwanza tu hapa tukakuta kila somo ni Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na Siasa. Tena mnaikumbuka orodha ya kiranja. Aliyesikika akisema Kiswahili siku ya kazi aliandikwa jina, na aliyeandikwa alifyeka majani Jumamosi. Shabaha ilikuwa njema, tuizoee lugha. Lakini kilichotokea ni kwamba bweni zima lilinyamaza. Aliyetaka kuazima sabuni alinyoosha kidole. Mimi nilitoka hapa na alama nzuri sana za Kiingereza, naweza kugeuza sentensi ya kutenda iwe ya kutendwa nikiwa nimefumba macho, na katika miaka minne sikuwa nimemwuliza binadamu yeyote kwa Kiingereza jambo ambalo kweli nilitaka kulijua.

Sikuja kufufua mabishano ya lugha ya kufundishia. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, jambo hilo halikutekelezwa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Wenye elimu kunizidi wamelisema sana. Mimi nasema juu ya Kiingereza cha mdomoni, kile cha kuulizana gari liko wapi.

Nasema gari kwa sababu. Mwaka 1980 nilipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mji huu. Asubuhi moja mgeni aliyekuja kwa mkutano alikuwa anakunywa chai, anangoja gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwendo wa karibu kilomita 50. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Gari langu halijafika?" Nikachungulia nje, sikuona gari. Nikamjibu kwa adabu zote, "Yes, sir."

Ndugu zangu, kwa Kiswahili nilisema kweli. Mtu akikuuliza "Hajafika?" naye kweli hajafika, unamjibu "Ndiyo, hajafika." Unakubaliana na maneno yake. Mwingereza hajali umekubaliana na nani. Kwake "Yes" maana yake gari lipo, na "No" maana yake halipo, hata aulize kwa kukanusha namna gani. Basi mgeni wangu akatulia, akaagiza chai ya pili. Alipotoka nje nusu saa baadaye, uwanja mtupu. Akarudi amewaka: "Kwa hiyo halijafika?" Nami, kwa kutetemeka, nikamjibu tena, "Yes!" Akadhani namfanyia dhihaka. Ndege ikamwacha, na kesho yake hoteli nayo ikaniacha mimi.

Aliyenifundisha ni mpishi wa hoteli hiyohiyo, mzee aliyepikia walowezi tangu ujana wake na ambaye hakukaa darasani hata siku moja. Nilipokwenda jikoni kumuaga aliniuliza nilimjibu mgeni nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hiyo yes na no zinateleza. Mimi nataja kitu chenyewe. Gari hakuna. Nyama ipo. Maji moto bado." Kiingereza chake, kwa kweli, mwalimu wetu angekijaza wino mwekundu. Lakini hakuna mgeni aliyekosa ndege kwa ajili yake.

Niliishi miaka mingi ya ukarani wa bohari nikiwa na somo hilo mfukoni. Nilipostaafu mwaka 2021 sikufikiria kufundisha. Kilichonitoa nyumbani ni kijana wa jirani yangu, mpagazi wa Mlima Meru. Alibeba mizigo siku nne, na waliposhuka langoni mgeni mmoja akamwuliza, "Hawajakulipa?" Mnajua tayari alijibu nini. Mgeni akafunga pochi yake kwa moyo mweupe, akapanda gari. Kijana alirudi Kaloleni bila ujira na bila bakshishi, akiamini kwamba yule mzungu ni mtu wa roho mbaya. Miaka arobaini imepita, kidato cha nne amemaliza kama mimi, na neno lililomponza ni lilelile!

Kaloleni mnaijua. Ndiko liliko lile jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 na kulipitisha Azimio la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho. Sisi hatuna jengo la namna hiyo. Tuko nyuma ya duka la fundi cherehani, tuna benchi mbili na viti viwili vinavyotazamana. Anayekaa kiti kimoja ni mgeni, wa pili ni mwenyeji, na wa kwenye benchi wanasikiliza. Hakuna anayeandikwa jina. Kila mmoja analeta maneno ya kazi yake. Mama wa mboga wa Soko Kuu anataka kupunguza bei bila kuonekana amekasirika. Dereva wa bodaboda anataka kusema kwamba hapo mbali, nauli haitoshi.

Kinachonisikitisha zaidi ni adabu. Hawa watu wana adabu kuliko mimi, na kwa Kiingereza wanaonekana hawana. "Naomba maji" kwetu ni heshima tele, maana heshima imo ndani ya kitenzi. Wao huiweka katika "please" na katika kuzungusha swali. Na mtu akijikwaa, wetu anamwambia "Sorry" akikusudia pole, mgeni anashangaa, anasema wewe hukunisukuma. Mama wa mboga aliuliza Kiingereza cha "pole" ni kipi hasa. Tulikaa jioni nzima, hatukukipata, tukaamua aendelee na "Sorry" yake na aweke mkono kifuani.

Sasa ombi langu. Humu ndani wamo waliofanya kazi katika Mahakama ya Rwanda ya Umoja wa Mataifa mpaka ilipofungwa mwaka 2015, wamo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wamo waliosoma ng'ambo. Wanafunzi wangu wamechoka kuzungumza na mimi, wameshanizoea hata makosa yangu. Nahitaji watu wa kukaa kiti cha mgeni, nusu saa tu, na wasiwe wepesi kusahihisha. Yule mpagazi ndiye atakayewapokea mlangoni, kwa Kiingereza, naye huuliza maswali mengi.

Ni kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja yetu, tafadhali. Mkija kwa ile ya Waingereza mtakuta tumelala.