Gia ya Distributa Haizungushi Distributa Peke Yake

Leo tunaingia gereji. Wengi wenu mnategemea magari ya zamani kupeleka mahindi na kahawa sokoni, nanyi mwajua jinsi gari linavyoweza kufunguliwa injini wakati ule ule mazao yanaposubiri. Nitachukua mfano wa Land Rover ya petroli yenye silinda nne, ile ya sentimita za ujazo 2286, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1958. Kama lako ni la aina nyingine, kanuni ni ile ile, ila vipimo vyake utavisoma katika kitabu cha gari lako.

Ndani ya injini hii kuna mhimili uliosimama wima, wenye gia inayozungushwa na kemshafti. Ncha yake ya juu huzungusha distributa, inayogawa moto kwenye plagi. Ncha ya chini huzungusha pampu ya oili. Mafundi wengi hukumbuka moto, wakasahau oili. Ukikosea moto, gari litakataa kuwaka au litapiga mlio kwenye kabureta, nawe utarekebisha. Lakini mhimili usiposhika pampu, gari laweza kuwaka vizuri kabisa, na baada ya dakika chache beringi zote mpya ulizonunua zimekwisha.

Basi tuanze. Kabla ya kung'oa chochote, piga alama kwa patasi ndogo au rangi: distributa imekaa vipi, na rota inatazama wapi. Funga namba kwenye waya za plagi. Kazi hii ni ya dakika tano, na wengi hawaifanyi.

Wakati wa kurudisha, mnyororo wa kemshafti uwe umekwisha kufungwa sawasawa. Halafu leta pistoni ya kwanza, ile ya upande wa rejeta, juu kabisa. Hapa ndipo watu wanapopotea. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja inapogandamiza petroli na hewa, na mara nyingine inapotoa moshi. Alama ya kwenye puli haijui tofauti hiyo. Utajuaje? Fungua plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe injini polepole kwa hendeli. Hewa ikisukuma kidole, ndiyo safari tunayoitaka. Endelea mpaka alama zikutane. Kama kava la vali liko wazi, tazama pia silinda ya nne: roka zake zinacheza, moja inamaliza kufunga na nyingine inaanza kufungua, na zile za silinda ya kwanza zote mbili zimelegea.

Sasa shusha gia. Meno yake yamekatwa mshazari, kwa hiyo inajizungusha kidogo inaposhuka. Ukiiweka pale unapotaka imalizie, itamalizia pengine. Anza jino moja nyuma, uone inapotua. Isipotua sawa, inyanyue, ujaribu tena. Hata fundi mzoefu hujaribu mara mbili tatu. Na tundu lile usiliache wazi ukienda kunywa chai. Lizibe kwa kitambaa safi, maana nati ikidondokea mle utafungua sampu.

Gia ikibaki juu kidogo, jueni ncha ya chini haijaingia kwenye pampu. Usikaze bolti ili kuivuta ishuke! Zungusha pampu kidogo, au inyanyue gia uanze tena, mpaka ishuke yenyewe. Kisha angalia tundu la bushi limekutana na skrubu ndogo inayoishikilia kutoka ubavuni mwa injini.

Mpangilio wa moto ni 1, 3, 4, 2, kufuata upande rota inakozungukia. Wako mafundi ambao gia ikiwa imegeuka nusu mzunguko huhamisha waya za plagi, basi. Gari litawaka, siwezi kukataa. Ila atakayefuata, akifungua kitabu, atapoteza siku nzima, na siku hiyo ni wewe utakayeilipa.

Kabla ya kuwasha, toa plagi zote, ondoa waya wa koili, jaza oili, kisha zungusha kwa stata sekunde kumi hivi, ipumzishe, urudie. Taa ya oili izimike, au mshale wa geji upande. Ikikataa baada ya mara kadhaa, usirudishe plagi. Nyanyua distributa ukatazame gia. Fundi akikuambia taa imeharibika, mwambie athibitishe kwa kufungua bomba la oili uone inatoka.

Juma lijalo tutaangalia pointi na kondensa. Kwaherini.